Akaunti ikitekwa, waokoe kwanza ndugu zako

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu msomaji, mwizi wa akaunti ya WhatsApp havunji mlango. Hujifanya jamaa, akakuomba umsomee tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa bahati mbaya". Ukimsomea, akaunti imehamia kwake. Muda si mrefu, ndugu zako kuanzia Shishiyu hadi Dar es Salaam wanaombwa pesa za mgonjwa kwa jina na picha yako.

Wengi huona aibu wakanyamaza. Aibu hiyo ina gharama, kwani ukiwa kimya kuna mama anatuma ada ya mwanawe kwa tapeli. Kuwaondolea wenzako madhara ni wajibu.

Basi fanya haya. Kwanza, wapigie watu simu au watumie ujumbe wa kawaida, uwatahadharishe. Pili, isajili upya namba yako katika WhatsApp na uandike tarakimu sita zitakazokuja kwenye laini yako. Mwizi atatolewa papo hapo. Ukiulizwa namba ya siri usiyoijua, ujue ameiweka yeye. Subiri siku 7, utaingia bila hiyo, naye hatakuwamo. Tatu, ukishaingia, weka namba yako ya siri na uondoe vifaa usivyovitambua. Nne, peleka taarifa ya namba ya tapeli kwenda 15040, kisha piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Ama ikiwa WhatsApp wenyewe ndio walioifunga, omba mapitio ndani ya programu hiyo hiyo. Chanzo huwa ni kutumia programu za kughushi kama GB WhatsApp, au kuwarushia ujumbe watu wengi wasiokujua, hata kama ni mawaidha.

Nawe unayeombwa pesa, Surat Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuhakiki habari. Piga simu, usikie sauti ya mwenyewe, ndipo utume. Huko si kumdhania ndugu yako vibaya, ni kumlindia jina lake.

Tarakimu sita ni amana kama ufunguo wa nyumba. Hapewi mtu, awe rafiki au anayejiita shekhe.

Allah atuwafikishe. Wallahu a'lam.