Udongo wa Changarawe wa Nyanda za Juu: Ujue Kabla ya Kutia Plau

Ndugu mkulima, somo la mwezi huu ni juu ya udongo wenye changarawe unaopatikana penye tambarare za majani, juu kwenye baridi, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya. Wewe uliyepata shamba upande wa Timau, Ontulili au Kibirichia umekwisha kuuona. Jembe linagonga, linalia, na ncha yake inapinda. Wengine hukasirika na kusema kwamba wamepewa mawe badala ya shamba. Si kweli, lakini si uongo mtupu pia, na ndiyo sababu ya somo hili.

Kwanza fikiri mlikotoka. Sisi watu wa Kinoru na pande za Meru mjini, kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, tumelelewa juu ya udongo mwekundu. Wataalamu huuita Nitisoli. Ni udongo wenye kina kirefu. Mtu akichimba choo hukuta wekundu ule ule mpaka kichwa chake kisionekane. Mvua ni nyingi, hupita milimita 1,200 kwa mwaka. Migomba, kahawa na mahindi husamehe makosa mengi mahali kama hapo. Kisha ukaja Mpango wa Eka Milioni, ulioanza mwaka 1962, mashamba ya walowezi yakagawanywa, na watu wengi waliolelewa juu ya wekundu wakapanda kwenye majani, mahali palipopita mita 2,000 na penye mvua chache kuliko kwao. Walichukua jembe lao, mbegu zao na desturi zao. Desturi ndizo zilizowaponza wengi, maana udongo ule hausamehi.

Nisieleweke vibaya. Si kila shamba la huko lina changarawe. Pako mahali penye udongo mweusi mzuri wenye kina, unaotoa ngano na viazi vya kupendeza. Jambo gumu ni kwamba katika shamba moja la eka kumi unaweza kukuta kona moja yenye kina cha futi nne na kona nyingine yenye kina cha futi moja tu, na majani ya juu yakafanana. Macho hayatoshi. Lazima kuchimba.

Changarawe hii imetoka wapi? Mlima Kenya ulikuwa mlima wa moto zamani sana, miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita. Ulitapika mawe, majivu na tope lenye mawe ndani yake. Baadaye moto ulipozimika, baridi kali iliushika ulimwengu, na barafu ya mlima huu ikateremka mabondeni mpaka karibu na mita 3,000. Barafu ile iliyobaki leo karibu na vilele ni vipande vidogo tu, na kila mwaka vinapungua. Lakini enzi zile barafu ilisaga miamba kama jiwe la kusagia wimbi. Ilipoyeyuka, maji yakashuka kwa nguvu yakiwa yamebeba mzigo: majabali, mawe, kokoto, mchanga na vumbi la mawe.

Sasa tazama kazi ya maji. Maji yenye mbio hubeba kila kitu. Yakifika mahali pa tambarare mbio hupungua, nayo huanza kutua mzigo, mzito kwanza. Majabali hubaki juu, kokoto hufuata, mchanga huenda mbele, na tope jepesi husafiri mpaka mbali. Mto ukitandika changarawe hivyo kwa muda mrefu, kisha ukaanza tena kuchimba na kushuka chini, ule uwanda wa zamani hubaki juu kama kidato cha ngazi kando ya bonde. Juu ya kidato kile majani huota. Ukisimama kando ya mto na kuona tambarare iliyonyoka, yenye ukingo mkali unaoshuka mtoni, na ukingoni mawe ya mviringo yamejitokeza kama meno, jua kwamba umesimama juu ya kidato cha namna hiyo. Mawe yale yana mviringo kwa sababu maji yaliyaviringisha. Jiwe lenye pembe kali halikusafiri mbali. Mara nyingi limevunjika kutoka mwamba ulio karibu, nao mwamba huo huenda uko chini ya miguu yako.

Si sisi peke yetu. Kule New Zealand uko uwanda mkubwa wa Canterbury uliotandikwa hivyo hivyo na mito iliyotoka kwenye barafu ya milima. Wakulima wa kule walifuga kondoo kwa miaka mingi juu ya udongo mwembamba wa mawe, na mahali walipotaka mavuno makubwa iliwabidi kuleta maji kwa mifereji.

Haya, chukua sururu na spedi. Chimba shimo lenye kina cha futi tatu, upande mmoja uwe wima, nawe utazame kutoka juu kwenda chini. Juu kabisa utaona tabaka jeusi lililojaa mizizi ya majani, mara nyingi lenye kina cha kati ya inchi sita na futi moja. Weusi huo ni mboji. Majani yameishi na kufa mahali hapo kwa karne nyingi, na baridi imezuia mizizi yake isioze upesi. Chini ya weusi utaona udongo wa kahawia uliochanganyika na kokoto, na kadiri unavyoshuka kokoto zinazidi na udongo unapungua. Mwishowe utafika kwenye changarawe tupu, na ukimwaga debe la maji hapo yanapotea ukiwa bado umeshika debe. Mali yote ya shamba imo katika tabaka lile la juu. Chini yake hakuna akiba.

Pima sasa. Jaza debe kwa udongo wa shimo, uuanike, kisha uuchekeche kwa waya wenye matundu madogo sana. Katika elimu ya udongo kila kinachozidi milimita mbili hakihesabiwi kuwa udongo. Ikiwa nusu ya debe imebaki juu ya waya, basi shamba lako lina nusu ya udongo unaodhani unao. Tufanye hesabu, nanyi mnisamehe, nilisomea ualimu.

Udongo mzuri hushika maji yanayofaa mmea kadiri ya milimita 12 katika kila sentimita 10 za kina. Mahindi yaliyokomaa hunywa kadiri ya milimita 4 kwa siku. Huko Kinoru mizizi ikishuka sentimita 120, akiba ni 12 mara 12, yaani milimita 144. Gawanya kwa 4: mahindi yana maji ya siku 36. Kwenye kidato cha changarawe mizizi imekoma sentimita 40. Akiba ingekuwa milimita 48, lakini nusu ni mawe, kwa hiyo ni 24. Gawanya kwa 4: siku sita. Na mahindi huanza kunyauka kabla hata siku hizo hazijaisha. Mvua ile ile, mbegu ile ile, mkulima yule yule mwenye bidii.

Mara nyingi mzee hufika ofisini akiwa na jani lililojikunja mkononi. “Mwalimu, mvua ilinyesha juma lililopita na mahindi yangu yanakufa kiu. Je, mbolea niliyonunua ni mbovu?” Humjibu, “Mzee, mbolea huenda ni nzuri. Hebu uniambie kwanza, jembe lako linagonga mawe kina gani?” Akinyoosha mkono na kuonyesha hapa kwenye kiganja, tumepata jibu.

Kwa habari ya mbolea, sikilizeni vizuri, maana hapa fedha nyingi hupotea. Mbolea ya kukuzia kama CAN huyeyuka na kufuata maji. Penye changarawe mvua moja kubwa huishusha chini ya mizizi. Kwa hiyo ukinunua gunia usilimwage lote siku moja. Tia sehemu moja mahindi yanapofika magotini, na nyingine baada ya majuma matatu hivi. Mbolea ya kupandia ina tabia nyingine: udongo uliotokana na majivu ya mlima wa moto huing'ang'ania fosforasi na kuinyima mimea. Itie ndani ya shimo pamoja na samadi iliyooza, karibu na mbegu lakini isiiguse. Nasema samadi iliyooza, maana mbichi haitashika maji, na huo ndio msaada wake mkubwa hapa.

Tena, ukipeleka udongo kupimwa katika maabara ya Kabete au mahali pengine, andika katika karatasi ni sehemu gani ya debe iliyokuwa changarawe. Maabara huchekecha kwanza, kisha hupima ule udongo laini tu. Jibu linaweza kukuonyesha kwamba udongo una chakula cha kutosha, na ni kweli, ila katika eka yako udongo wenyewe ni nusu.

Juu ya plau sina maneno laini. Trekta yenye plau ya sahani ikishuka futi moja pale penye weusi wa inchi nane, inafukia mali na kuleta changarawe juu. Mwenye trekta atalipwa na kwenda zake. Mwambie kina kabla hajaanza, umwonyeshe shimo lako. Ukingo wa kidato usilimwe kamwe. Uache na majani yake. Na usiokote kila kokoto ukidhani unasafisha. Kokoto ndogo za juu huvunja nguvu ya matone ya mvua na kuzuia jua lisikaushe udongo. Okota yale mawe yanayozidi ngumi, uyapange kwa mstari unaofuata usawa wa shamba, yashike udongo unaoteremka.

Mahali penye kina kidogo mimi ningeacha majani, nikafuga kondoo au ng'ombe wachache kwa zamu, wiki chache hapa, wiki chache pale. Majani mekundu ya asili ya nyanda hizi yakilimwa au yakiliwa mpaka mizizini hukawia miaka kurudi. Penye kina cha wastani, ngano au shayiri ya muda mfupi hufaa kuliko mahindi ya milimani, yanayokaa shambani miezi mingi yakingoja mvua. Pareto nayo hupenda udongo usiotuamisha maji. Viazi huota, lakini kokoto huvipinda, na mnunuzi huvikataa.

Jambo la mwisho si la mimea. Bwawa likichimbwa katika changarawe halishiki maji mpaka litandikwe udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri, au karatasi ya plastiki. Wako waliolipa vibarua mwezi mzima wakabaki na shimo kavu. Na kama vile maji yanavyopita upesi, uchafu wa choo nao hupita, bila kuchujwa. Chimba choo upande wa chini wa kisima, kwa umbali usiopungua mita 30, na penye changarawe tupu zidisha. Josho la mifugo liwe mbali zaidi, maana dawa yake haionekani katika maji wala haina ladha ya kumwonya mtoto.