Mlima Usio na Kilele

Zungusheni mchoro wa y = 1/x, kuanzia x = 1, kwenye mhimili wa x; kipimo kiwe mita. Sasa lisimamisheni umbo hilo. Laenda juu bila kikomo! Je, ujazo wake? Likateni vipande vyembamba kama chapati. Eneo la kila chapati ni π/x². Tukijumlisha kwa kalkulasi twapata π(1 − 1/x). x ikizidi kukua, 1/x yaelekea sufuri. Jibu ni π, yaani lita 3,142 hivi. Tangi la lita 5,000 halijai! Mwitaliano Torricelli alithibitisha ajabu ya namna hii mnamo 1641, kabla kalkulasi haijakamilika. Nasi wa Nyeri tuna Batian, mita 5,199. Umbo letu likifika urefu huo, sehemu yote iliyobaki juu ni kama lita 0.6 tu.