Mlimani kwa Kundi: Mwongozo wa Kupanda na Kupiga Kambi Kilosa, Mikumi na Udzungwa

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha skauti, walimu na wanafunzi wao, wanakwaya, wafanyakazi wa ofisi moja na vijana wa mtaa mmoja wanaotaka kulala mlimani usiku mmoja au miwili. Siku hizi kufika Kilosa na Mikumi ni rahisi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa hupita Mikumi, na treni ya reli ya kisasa, SGR, ilianza kubeba abiria hadi Dodoma kupitia Kilosa mwaka 2024. Njia ya kufika imekuwa nyepesi, lakini mlima ni ule ule.

Kanuni nyingi zilizo humu zina mzizi mmoja, nao ni maji. Milima hii ndiyo chanzo cha maji ya watu waishio chini yake. Ukipiga kambi juu, unalala penye kisima cha wenzako. Na maji hayo unayoyategemea wewe pia yanaweza kukuchukua.

1. Ijueni milima mnayoiendea

Upande wa magharibi na kaskazini mwa Kilosa mjini kuna Rubeho na Ukaguru. Kusini mwa Mikumi, ukielekea Kidatu, kuna milima ya Vidunda, na ng'ambo ya Mto Ruaha Mkuu inasimama Udzungwa. Hata ndani ya Hifadhi ya Taifa Mikumi kuna kilima cha Malundwe chenye msitu kileleni. Yote ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia milima ya Taita nchini Kenya na kuishia huku kwetu kusini.

Misitu hii hudaka unyevu unaoletwa na upepo wa Bahari ya Hindi na kuuachia kidogo kidogo kwenye vijito. Vijito vya Udzungwa hunywesha vijiji na mashamba ya miwa na mpunga ya Bonde la Kilombero. Mto Mkondoa hupita Kilosa mjini, na maji yake huishia kwenye Mto Wami.

Kwa kundi linalopanda kwa mara ya kwanza, Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ndiyo mahali pazuri pa kuanzia. Ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na lango lake kuu liko Mang'ula, kiasi cha kilomita 60 kutoka Mikumi. Njia ya maporomoko ya Sanje, ambako maji huanguka jumla ya mita 170, huchukua nusu siku. Njia ya kilele cha Mwanihana, kinachopita mita 2,000, huhitaji siku tatu na kulala mara mbili. Anzeni na Sanje. Mwanihana iacheni kwa safari ya pili.

2. Ombeni ruhusa kabla ya kufunga mizigo

- Hifadhi za taifa (Mikumi, Udzungwa) ziko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Ulizeni mapema kuhusu viingilio, kambi na mwongozaji. Msitembee kwa miguu Mikumi bila askari wa uhifadhi. Mkiwa kwenye barabara kuu inayokatiza hifadhi hiyo, msishuke garini kupiga picha.
- Misitu ya hifadhi ya serikali kuu ya Ukaguru na Rubeho iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).
- Misitu ya vijiji ina wenyewe. Wilayani Kilosa vipo vijiji vinavyosimamia misitu yao kwa mpango wa matumizi na kamati ya maliasili. Pigeni hodi ofisi ya kijiji, mwoneni mwenyekiti na mtendaji, andikeni majina yenu kwenye kitabu cha wageni, na waambieni mtarudi lini.

Wenyeji wa milima hii, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, wanaijua kuliko ramani yoyote. Mkiambiwa kuwa mahali fulani ni pa matambiko, pazungukeni. Mkiambiwa kijito fulani kina tabia ya kujaa ghafla, msibishane na mzee aliyezaliwa hapo.

3. Chagueni msimu

Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mizuri: njia ni kavu na mito imepungua. Machi hadi Mei, wakati wa masika, ahirisheni safari.

Kilosa ina somo lake kuhusu mvua. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mkondoa ulifurika, ukavunja tuta, ukawaacha maelfu ya watu bila makazi na kukata Reli ya Kati. Maji ya mto huo hutoka pia mbali, upande wa Dodoma. Kwa hiyo anga jeupe juu ya kichwa chako si ushahidi kwamba mto uko salama. Mvua iliyonyesha huko juu hukukuta chini ukiwa umeanika nguo.

4. Lipangeni kundi

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Mkizidi, gawanyikeni makundi mawili, kila moja na viongozi wake.

- Kiongozi wa mbele hutembea na mwongozaji. Haruhusiwi kumpoteza machoni mtu wa pili.
- Mfunga msafara ni mtu mwenye nguvu na subira. Hakuna anayebaki nyuma yake, hata aliyeingia kichakani kujisaidia.
- Mtunza dawa hubeba kisanduku cha huduma ya kwanza na anajua nani ana pumu, kisukari, kifafa au mimba.
- Mwenyeji wa nyumbani habebi mzigo wala hapandi. Anabaki na orodha ya majina, njia na saa ya kurudi, na anajua wa kumpigia simu msipoonekana.

Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye nyuma. Aliyechoka apunguziwe mzigo, asichekwe. Aibu ndiyo humfanya mtu afiche kizunguzungu mpaka anapoanguka.

Mkiajiri wapagazi, kubalianeni malipo kabla ya kuondoka na hakikisheni nao wana chakula, blanketi na mahali pakavu pa kulala. Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20. Huku pia msizidishe hapo.

5. Mwendo na maji

Ondokeni saa 12 asubuhi. Wekeni saa ya kugeuka, kwa mfano saa 8 mchana, na muiheshimu hata kama kilele kinaonekana. Hema ziwe zimesimama kabla ya saa 11 jioni, maana msituni giza huwahi.

Kila mtu abebe lita tatu za maji kwa siku ya kutembea. Maji ya kijito, hata yawe meupe kiasi gani, chemsheni au yatieni dawa ya kutibu maji.

Msivuke mto uliobadilika rangi, unaoleta matawi na majani, au uliopita magoti. Subirini. Mito midogo ya milimani hupanda haraka na kushuka haraka. Kulala njaa usiku mmoja ni afadhali kuliko kumtafuta mwenzenu mtoni.

6. Kambi safi

- Simamisheni hema angalau hatua 100 kutoka mtoni, kwenye mwinuko. Kamwe msilale kwenye mchanga wa mto uliokauka.
- Choo kiwe umbali huo huo au zaidi: shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, lifukiwe kila mara.
- Kufua, kuoga na kuosha sufuria kufanyike mbali na kijito. Maji machafu mwageni ardhini.
- Pikeni kwa jiko la gesi. Kati ya Agosti na Oktoba nyasi ni kavu, na cheche moja huteketeza kilima kizima.
- Takataka zote zishuke nanyi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.
- Msiweke ndizi, machungwa wala maembe ndani ya hema. Tembo hunusa mbali.

Bebeni sweta na koti la mvua. Kila mkipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Aliyetoka Mikumi akitokwa jasho anaweza kutetemeka usiku.

7. Likitokea la kutokea

Kuumwa na nyoka. Mlazeni, mtulizeni, vueni pete na saa, fungeni kijiti kuzuia mguu au mkono usisogee, andikeni saa aliyoumwa, mbebeni kwa machela hadi hospitali. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Jiwe la nyoka halitoi sumu na linakula muda.

Kuharisha au kuishiwa maji. Mpeni ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Kama hakuna, changanyeni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Baridi. Mtu akitetemeka na kuanza kusema ovyo, mvueni nguo zilizolowa, mvisheni kavu, mpeni kinywaji cha moto. Msimpe pombe.

Kupotea. Aliyepotea asimame alipo na apige filimbi mara tatu, apumzike, arudie. Kundi lisitawanyike kumtafuta.

Homa baada ya safari. Mabondeni kuna malaria. Lalieni chandarua, na mtu akipata homa ndani ya wiki chache baada ya kurudi, apimwe mara moja.

Hospitali zilizo karibu ni Hospitali ya Wilaya Kilosa, Mtakatifu Kizito iliyoko Mikumi, na Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Sehemu nyingi za milimani hazina mtandao, hivyo amueni kabla ya kupanda ni watu gani wawili watashuka kuleta msaada.

8. Ukaguzi wa mwisho, asubuhi ya kuondoka

☐ Kibali na mwongozaji vipo
☐ Mwenyeji wa nyumbani ana orodha
☐ Kila mtu ana filimbi, tochi, maji, sweta na koti la mvua
☐ Dawa ya maji, ORS na dawa za wenye maradhi ya kudumu zimepakiwa
☐ Saa ya kugeuka imetangazwa na kila mtu ameikubali

Kisanduku kimoja kikibaki kitupu, ahirisheni. Mkirudi, piteni ofisi ile ile mliyopiga hodi, waambieni mmeshuka wote, na waelezeni hali ya njia na vijito mlivyovikuta. Taarifa hiyo itamsaidia atakayepanda kesho na anayekunywa maji hayo leo.