BUIBUI NA SUMU YAKE

Kila mtu anamjua buibui. Yumo pembeni mwa dari, nyuma ya mlango, chooni, ghalani na kwenye rundo la kuni. Hapa hatuzungumzii lile buibui jeusi wanalovaa akina mama wa pwani. Tunazungumzia kiumbe mdogo anayefuma utando.

Mhesabu miguu. Nzi, mende na siafu wana miguu sita. Buibui ana miguu minane. Ndugu zake ni nge, kupe na papasi, ambao nao wana miguu minane.

Karibu buibui wote wana sumu. Neno hili huwashtua watu, basi tulielewe vizuri. Buibui ana meno mawili yaliyochongoka. Kila jino lina tundu dogo sana, kama sindano ya zahanati. Akimnasa nzi humchoma, humtia sumu, kisha humfyonza. Sumu hiyo ni ya kuulia nzi, nondo na mende. Wataalamu wamekwisha kuzipa majina aina zaidi ya 50,000 za buibui duniani. Aina zinazoweza kumdhuru mtu ni chache sana. Wengi meno yao ni mafupi mno, hayawezi kupenya ngozi ya mtu.

Tena buibui hanyonyi damu ya mtu, wala hamtafuti mtu usiku ili amuume. Huuma anapobanwa na hana njia ya kukimbilia. Ukiamka asubuhi na vipele vingi vilivyopangana mstari, usimlaumu buibui. Inua godoro utafute kunguni.

Wengine ni rafiki zetu. Kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mdogo anayeruka. Hafumi utando wa kutegea. Huwinda kwa macho, kama paka. Wataalamu waliomchunguza huko Mbita, nchini Kenya, waliona kwamba humpenda mbu jike aliyekwisha kushiba damu kuliko chakula kingine. Anawapenda hasa mbu wa jamii ile inayoeneza malaria. Mtu anayemponda kila buibui ukutani anamponda na huyu pia.

BUIBUI WA KUOGOPWA

Buibui wa kwanza wa kumjua ana mwili wa mviringo, mkubwa kama punje ya mbaazi. Rangi yake ni ya kahawia au kijivu yenye madoa, na miguu yake ina mistari. Ukimtazama tumboni, upande wa chini, utaona alama ya rangi ya chungwa au nyekundu. Alama hiyo ni kama pembetatu mbili zilizogusana ncha. Mayai yake huyafunga katika kifuko cha mviringo chenye vijiba vidogo kila upande, kama tunda lenye miiba. Kifuko hicho ni rahisi kukitambua kuliko buibui mwenyewe. Ukikiona chini ya kiti, ujue mama yake yuko karibu.

Anaishi karibu na watu. Utamkuta chini ya viti na meza, kwenye ukingo wa tangi la maji, chooni, ndani ya mapipa na magurudumu makuukuu, na katika viatu visivyovaliwa siku nyingi. Utando wake haukupangwa vizuri, lakini nyuzi zake ni ngumu. Anayeuma ni jike. Dume ni mdogo mno.

Akikuuma utasikia kama kuchomwa na sindano. Baadaye mahali pale panauma zaidi na kutoka jasho. Kwa watu wengi maumivu hupungua baada ya siku moja au mbili.

Huyu ana ndugu yake mweusi ambaye sumu yake ni kali zaidi. Huyo mweusi anajulikana sana kusini mwa Afrika. Katika mashamba ya ngano ya Cape, Afrika Kusini, amewauma wavunaji wengi, kwa sababu wanashika miganda kwa mikono mitupu naye amejificha ndani. Sumu yake hushika mishipa ya fahamu. Maumivu hutoka kwenye jeraha na kupanda. Aliyeumwa mguuni husikia mtoki unauma. Aliyeumwa mkononi husikia maumivu kwapani. Kisha misuli hukaza. Tumbo huwa gumu kama ubao, jasho humtoka, kifua hubana, na mgonjwa hawezi kutulia. Mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupona, lakini mtoto mdogo, mzee au mgonjwa wa moyo anaweza kufa. Mgonjwa wa namna hii apelekwe hospitali mara moja, hata kama buibui hakuonekana.

Wa pili ni mwembamba, wa rangi ya kahawia, mwenye miguu mirefu. Mgongoni karibu na kichwa ana alama inayofanana na zeze. Ni mwoga. Hujificha nyuma ya masanduku na ndani ya nguo zilizotundikwa. Si rahisi kumwona. Akiuma, mara nyingi mtu hasikii kitu. Baada ya saa kadhaa mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, na malengelenge hutokea. Siku chache baadaye nyama ya hapo inaweza kufa na kuwa nyeusi. Kidonda chake huchukua majuma mengi kupona.

Wa tatu ni yule mkubwa mwenye manyoya, anayekaa shimoni. Mdomo wa shimo lake ameutandika utando. Ukimchokoza huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno. Watu humwogopa kuliko wote kwa sababu ya ukubwa wake, lakini hajulikani kwa kuua watu. Hata hivyo jino lake linauma sana, na baadhi yao huleta mkazo wa misuli kwa siku kadhaa. Wanaoumwa mara nyingi ni watoto wanaochokonoa mashimo kwa vijiti. Wakatazwe, maana shimo lingine lina nyoka.

SI KILA KIDONDA NI CHA BUIBUI

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko buibui mwenyewe. Mtu akiona kidonda asichokijua, husema, "Ni buibui." Akisha kusema hivyo hupaka majani, akakaa nyumbani kusubiri.

Tuseme mzee mmoja mfugaji amefika zahanati na kidonda mkononi. Mazungumzo yao yanaweza kuwa hivi:

"Shikamoo, baba. Pole."

"Marahaba, mwanangu. Nimeumwa na buibui."

"Ulimwona huyo buibui?"

"Sikumwona. Niliamka asubuhi nikaona kipele."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Mwanzo kilikuwa kinawasha tu. Sasa katikati pamekuwa peusi kama mkaa, na mkono umevimba."

"Baba, juma lililopita ulichinja au ulichuna mnyama?"

"Tulichuna ndama. Hatukumchinja, alijifia."

"Na nyama yake?"

"Tuligawana na majirani."

Muuguzi huyu ameuliza swali linalofaa. Kidonda cheusi kisichouma, chenye uvimbe pembeni, kwa mtu aliyeshika mzoga, ngozi au nyama ya mnyama aliyejifia, yawezekana ni kimeta. Kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyama wa porini, nao huwapata watu. Kidonda cha kimeta hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, na mgonjwa akiwahi hupona. Akichelewa, ugonjwa unaweza kuingia katika damu na kumwua. Wale majirani waliogawana nyama lazima nao waitwe siku hiyo hiyo, kabla hawajaanza kuumwa matumbo. Bwana mifugo apewe habari. Mzoga wa mnyama aliyejifia ghafla usipasuliwe, kwa sababu vijidudu vya kimeta vikitoka na damu hukaa udongoni miaka mingi.

Kuna jambo jingine. Utasikia watu wakisema, "Nimekojolewa na buibui." Wanaonyesha malengelenge shingoni au usoni. Buibui hakojolei watu. Mara nyingi sababu ni mdudu mwembamba, mweusi na mwekundu, mrefu kidogo kuliko punje ya mchele. Huja kwa wingi wakati wa mvua na hufuata taa. Kenya wamempa jina la nzi wa Nairobi, ingawa si nzi bali ni jamii ya mbawakawa, wale wenye mabawa magumu. Alisumbua watu wengi baada ya mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi, maji ya mwili wake ndiyo yanayounguza. Basi akikutua, mpulize aondoke. Ukiwa umekwisha kumponda, osha kwa sabuni na maji mengi, wala usijishike machoni.

Malengelenge yakiwa yamejipanga upande mmoja tu wa mwili, kama mkanda, na yanauma kama moto, huo ni mkanda wa jeshi. Unatokana na vijidudu vya tetekuwanga vilivyobaki mwilini tangu zamani. Huwapata zaidi wazee na watu ambao kinga ya mwili wao imepungua. Mtu wa namna hiyo aende akapimwe afya yake. Majani ya kutibu buibui hayatamsaidia.

La mwisho katika haya ni nyoka. Mtu ameumwa gizani, hakuona kitu. Anasema, "Labda ni buibui," akalala. Kuna nyoka ambao jino lao haliumi sana mwanzoni, na sumu inaanza kazi mtu akiwa usingizini. Kwa hiyo aliyeumwa gizani na asimwone aliyemuuma ahesabiwe kuwa ameumwa na nyoka, mpaka mganga wa zahanati aseme vingine. Kope zikianza kulegea, ulimi ukiwa mzito, au fizi zikitoka damu, usingoje kupambazuke.

HUDUMA YA KWANZA

Osha jeraha kwa sabuni na maji safi. Weka kitambaa kilicholowekwa maji baridi. Mgonjwa atulie, na mkono au mguu ulioumwa usitikiswe. Vua pete, bangili na shanga kabla uvimbe haujaanza, maana baadaye zitabana na kuzuia damu. Dawa ya maumivu iwe parasetamo. Usimpe aspirini ikiwa aliyeuma hajulikani, kwa sababu sumu ya nyoka wengine huzuia damu isigande, na aspirini huongeza hatari hiyo.

Usichanje kwa wembe. Chale hazitoi sumu, bali zinafungua mlango mpya wa uchafu, na mara nyingi jeraha la wembe huwa baya kuliko lile la buibui. Usifunge kamba kwa kukaza. Usinyonye kwa mdomo. Usipake mafuta ya taa, maji ya betri wala kinyesi cha ng'ombe. Kinyesi kinaweza kuleta pepopunda, na pepopunda huua. Lile jiwe jeusi linalouzwa minadani halifyonzi sumu, hata likinata namna gani.

Kama buibui ameuawa, mtie katika chupa au kiberiti umpeleke zahanati. Hata akiwa amepondeka anaweza kutambuliwa. Lakini msipoteze saa nzima mkimtafuta chini ya kitanda huku mgonjwa anangoja. Zahanatini uliza pia habari ya sindano ya pepopunda.

NYUMBANI NA SHAMBANI

Kazi nyingi ya kujikinga ni ya mikono tu. Kung'uta viatu kabla ya kuvivaa, hasa mabuti ya shambani. Kung'uta nguo iliyotundikwa ukutani. Kitanda kisiguse ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Watu hufikiri chandarua ni cha mbu tu, kumbe humzuia buibui, tandu na nge pia.

Kuni na matofali yapangwe mbali na nyumba. Unapochukua ukuni, gonga kwanza, kisha ushike. Magunia ya zamani yafunguliwe nje, juani. Choo kifagiliwe mpaka kwenye pembe na chini ya kifuniko, na usiku uende na taa. Anayebomoa ghala kuukuu au kufungua rundo la bati avae glavu, au ajifunge vitambaa mikononi.

Hakuna haja ya kupuliza dawa ya sumu nyumba nzima kwa sababu ya buibui mmoja. Dawa hiyo huanguka kwenye vyombo na chakula, nayo ni hatari kwa watoto. Ufagio wenye mpini mrefu unatosha. Ukiona kile kifuko chenye vijiba, kiondoe kwa kijiti ukichome moto, maana ndani yake mna mayai mengi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Buibui ana miguu mingapi? Taja viumbe wengine wawili wenye miguu kama hiyo.

2. Katika kijiji chenu, mtu akiumwa na mdudu asiyemjua hufanyiwa nini kwanza? Lipi katika hayo lina hatari, na kwa nini?

3. Kwa nini muuguzi alimwuliza yule mzee habari za ndama?

4. Kutoka hapa mpaka zahanati iliyo karibu ni mwendo wa saa ngapi? Usiku mgonjwa atachukuliwa kwa njia gani, na nani ana baiskeli, pikipiki au gari la kusaidia?