Dondoo muhimu: Kushusha sakafu ya kuogea

Ewe mwenye nyumba uliyekusudia kuondoa jukwaa la kuogea lililoinuka, ambalo mzee mwenye magoti dhaifu hulipanda kwa taabu na kulishuka kwa hofu, tafadhali usishike nyundo kabla ya kutazama bomba la maji machafu, kwani aghalabu jukwaa liliinuliwa kwa sababu bomba hilo lililazwa juu, na ukilishusha jukwaa pasipo kulishusha bomba, maji yatatuama. Nyumba za chini hapa Mashewa zina fadhila moja: bafu limekaa juu ya ardhi yenyewe, basi fundi aweza kuchimba, ila sharti mwisho wa bomba, uingiapo karoni, ubaki chini kuliko tundu la bafu.

Mteremko wa sakafu uwe kadiri ya sentimita 2 kwa kila mita 1, upimwe kwa pimamaji, si kwa macho. Kikombe cha kuzuia harufu kibakize maji ya kina cha sentimita 5 hivi. Saruji mpya inyweshwe maji siku 7. Na lililo aula kuliko yote, kwa maoni yangu, ni kuuacha uso wake na ukwaruzo kidogo, maana sakafu iliyopigwa niru ikang'aa huteleza mno yakutanapo maji na sabuni.