Namibia kwa Gari: Tafuta Pa Kulala Kwanza, Njia Baadaye

Anayeendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya hana haja ya kuwaza sana atalala wapi. Giza likimkuta Morogoro, gesti zipo. Akisogea hadi Iringa, zipo pia. Mazoea hayo yanatufaa nyumbani, lakini ukienda nayo Namibia yatakuharibia safari. Nchi ile ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 825,000 na watu takriban milioni 3 tu, na mandhari zinazowavuta wageni ziko hasa kule wasikoishi watu. Ndiyo maana nashauri hivi: weka nafasi ya kulala Sesriem, kwenye geti la kwenda vilima vya mchanga vya Sossusvlei, na katika hifadhi ya wanyama ya Etosha kwanza, ndipo upange njia ya gari kuzunguka siku hizo.

Anza na barabara yenyewe. Kutoka mji wa Walvis Bay hadi Solitaire kwa njia ya C14 ni zaidi ya kilomita 200, nyingi zikiwa za changarawe. Unashuka na kupanda korongo la Kuiseb bila kukuta mji wala sheli. Solitaire nayo ni kituo kidogo: mafuta, duka la mikate na sehemu chache za kulala. Kwenye changarawe usizidi kilomita 80 kwa saa, maana gari huteleza kwenye kona hata kwa dereva mzoefu, na pancha ni jambo la kawaida. Usiku tandala na choroa huvuka barabara, na mikataba mingi ya kukodi gari hukataza kuendesha gizani nje ya miji. Kwa hiyo panga kufika unakolala kufikia saa kumi alasiri. Ukifika magharibi ukaambiwa vyumba vimejaa, hakuna mtaa wa pili wa kwenda kuulizia.

Sababu nzito zaidi ni geti. Vilima vya mchanga vya Sossusvlei viko kilomita 60 na ushei ndani ya geti la Sesriem. Waliolala ndani ya geti huruhusiwa kuondoka kabla ya jua kuchomoza. Waliolala nje husubiri mpaka lichomoze. Wapo wanaosema wataamka mapema tu. Kuamka hakusaidii ikiwa geti limefungwa. Alfajiri kilima cha mchanga huwa na upande mmoja mwekundu na mwingine mweusi, na mstari mkali wa ukingo katikati yake. Jua likipanda, kivuli hupungua na umbo lote hufifia. Etosha ni vilevile, kwa sababu mageti yake hufungwa jua linapotua. Kambi ya Okaukuejo iliyo ndani ina bwawa linalomulikwa taa usiku, ambako vifaru weusi huja kunywa maji. Aliyelala nje hawezi kuwaona hapo saa hizo.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mpango wa namna hii unaua uhuru wa safari. Lingekuwa kweli kama ningesema uweke nafasi ya kila usiku. Miji ya Windhoek na Swakopmund ina nyumba za wageni nyingi, kwa hiyo huko acha nafasi ya kubadili mawazo, isipokuwa mwezi Julai na Agosti ambapo wageni hufurika. La pili ni gharama. Kweli, vyumba vya ndani ya hifadhi ni ghali, lakini Sesriem na Okaukuejo zina viwanja vya kupigia hema, na kampuni nyingi hukodisha magari yenye hema juu ya paa. Hema ndani ya geti lina faida kuliko chumba kizuri nje yake.

Ukishapata nafasi hizo, mengine ni rahisi: jaza tanki kila unapoona sheli, beba maji na tairi mbili za akiba, na kumbuka kwamba kilomita 5 za mwisho kabla ya Sossusvlei ni mchanga mtupu. Kama gari lako halivuti kwa magurudumu yote manne, liache kwenye maegesho upande gari la kulipia linalobeba wageni. Usinunue tiketi ya ndege kabla ya kujibiwa na kambi: tarehe za safari zifuate nafasi ya kulala.