Rudisha Ile Tarehe

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi wa sanaa za ufundi katika chuo kikuu kimoja hapa Dar es Salaam. Juzi Mkuu wa Idara amebandika tangazo: baada ya wiki nane kutakuwa na maonesho ya walimu, kila mmoja alete kazi mbili, na majina yetu yameshaorodheshwa. Mwenzio nimeganda. Tangu nimalize shahada ya uzamili mwaka 2016 sijachora kazi hata moja ya kwangu. Muhula huu nina kozi nne, na darasa la mwaka wa kwanza peke yake lina wanafunzi 140. Nyumbani nina watoto wawili wadogo, studio sina. Kila Jumanne na Alhamisi nasimama mbele ya wanafunzi, nawachorea mikono, vichwa na mikunjo ya nguo kwa mkaa kwenye karatasi za manila, muhula ukiisha nazitupa. Kufundisha kumeniua mkono.

Mwenzangu wa ofisi ya pili kila mwezi ana habari kwenye ubao wa matangazo: mara maonesho Nairobi, mara kaalikwa Ulaya. Mwezi uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliniuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, kazi zako tunaziona wapi?" Nilicheka, nikabadilisha mada, kisha nikaenda kulia chooni.

Ninayo michoro minne ya wakati wa uzamili. Usiku mmoja nilitoa mmoja stoo, nikaifuta tarehe iliyo chini ya sahihi yangu kwa rangi. Tarehe mpya bado sijaandika. Nifanye nini? Nisingizie ugonjwa?

Mwalimu Asiyechora

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimeisoma kalamu ikiwa mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma kazi za wanafunzi wangu nilipofundisha sanaa chuo cha ualimu. Nimepiga mstari mahali pawili. Nianze na pale panapokunyima usingizi.

Ile tarehe irudishe. Chukua brashi ndogo, andika 2016 palepale ilipokuwa. Sikutishi kwamba utakamatwa, ingawa aliyekusimamia masomo yako yupo, na wenzako mliokuwa mkiazimana rangi wanaukumbuka mchoro huo. Ninachokiona ni hiki: maonesho ya walimu hayaishii ukutani. Idara itaandika habari zake, habari zitaingia kwenye taarifa ya mwaka, na taarifa hiyo utaiambatanisha wewe mwenyewe siku utakapoomba kupandishwa cheo. Tone moja la rangi ulilolipaka usiku litakuwa limegeuka kuwa maelezo rasmi ya mtumishi wa umma. Kutoka hapo kurudi nyuma ni kugumu.

Halafu tarehe ni mali. Mchukue mchoraji Sam Ntiro, ambaye bila shaka unafundisha habari zake. Mwana wa Kilimanjaro, akasoma Makerere, akaenda chuo cha sanaa cha Slade kule London, akarudi Makerere kufundisha. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York likaununua mchoro huo, na mwaka 1961 mwenyewe akaenda London kuwa Balozi wa Tanganyika. Sasa tazama pengo lililopo kati ya 1956 na 1960. Kwa pengo hilo tunajua kwamba picha iliyovuka bahari mpaka New York ilitoka mkononi mwa mtu aliyekuwa mwalimu, mwenye wanafunzi wa kuwasahihishia kazi, miaka minne kabla mtu yeyote wa mbali hajaulizia bei. Angeipaka picha yake mwaka mpya ili ionekane haijakaa, tungeikosa habari hiyo. Sisi huku kumbukumbu za wachoraji wetu ni chache. Mara nyingi tarehe iliyo pembeni mwa turubai ndiyo hati pekee iliyobaki. Usiwe wewe wa kuichafua.

Kuhusu kusingizia ugonjwa nitakwambia jambo ambalo sijawahi kuliandika kwenye safu hii. Mimi niliwahi kusingizia. Chuo nilichokuwa nikifundisha kilifanya maonesho ya wakufunzi, nami nilikuwa na miaka mingi sijagusa rangi, nikatuma taarifa kwamba malaria imenilaza. Nafasi yangu ukutani ilibaki na msumari na kadi yenye jina langu. Jioni yake wanafunzi sita walikuja nyumbani kunijulia hali, wamenibebea machungwa. Niliyapokea nikiwa kitandani, shuka mpaka shingoni, mzima wa afya. Mmoja wao akasema, "Tulikuwa tunangoja sana kuiona kazi yako, Mwalimu." Miaka imepita mingi na sauti yake bado naisikia. Nisingependa nawe ukabaki na sauti kama hiyo.

Mahali pa pili nilipopiga mstari ni pale unaposema hujachora tangu 2016. Mistari mitatu baadaye unaniambia kwamba kila Jumanne na Alhamisi unachora. Soma barua yako tena, mwanangu. Mikono, vichwa, mikunjo ya nguo, mbele ya macho ya watu 140, bila kufuta, bila nafasi ya kurudia, na huku unaeleza kwa mdomo unachokifanya. Wachoraji wengi wenye studio nzuri hawathubutu kufanya hivyo hata mara moja kwa mwaka. Mkono wako haujafa. Umekuwa ukifanya kazi mara mbili kwa wiki kwa miaka yote hii, na wewe umekuwa ukiitupa kazi yake jalalani kwa sababu uliichora ukiwa kazini.

Hapa ndipo ninapoona kosa lenyewe, na si lako peke yako, ni la idara nyingi. Tumejizoesha kuamini kwamba mwalimu wa sanaa ana maisha mawili, moja la kufundisha na jingine la kuchora, na kwamba la kwanza hulila la pili. Historia ya eneo letu haikubaliani na imani hiyo. Ntiro nimekwisha kumtaja. Gregory Maloba, Mkenya, alikuwa akifundisha uchongaji Makerere alipotengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, yule mwanamke aliyefungwa mwili anayemwinua mtoto juu. Na Francis Nnaggenda, naye mwalimu wa uchongaji wa Makerere, ndiye aliyechonga sanamu ya mhanga wa vita ambayo imesimama ndani ya maktaba kuu ya chuo hicho: mwili wa mti uliokatika viungo, na bado umesimama. Mwanafunzi wa pale hana haja ya kumwuliza mtu kazi za Nnaggenda zinaonekana wapi. Huzipita akienda kuazima kitabu.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Mpaka siku ya maonesho umebakiwa na wiki nane, yaani vipindi 16 vya Jumanne na Alhamisi. Kuanzia kipindi kijacho, karatasi yoyote utakayowachorea wanafunzi usiitupe. Iandikie tarehe na jina la somo pembeni, kwa mwandiko wako wa kawaida, hapo hapo darasani. Usichore kwa ajili ya maonesho. Chora kwa ajili ya yule kijana wa safu ya nyuma ambaye hajaelewa jinsi kiwiko kinavyokunja mkono wa shati. Ukianza kuipamba karatasi kwa sababu itatundikwa, kipindi kitaharibika na karatasi nayo itaharibika. Alama ya kidole chako kilichochafuka mkaa iache. Mshale unaoonyesha mwanga unatoka wapi uache. Neno "angalia hapa" ulilolikwaruza kwa haraka liache.

Mkaa unafutika, unalijua hilo kuliko mimi, basi zipulizie dawa ya nywele siku hiyohiyo kama gundi maalumu huna, na uzilaze bapa chini ya godoro, maana hewa ya Dar huzikunja manila kama jani la mgomba lililokauka. Usiziache dirishani, jua litazigeuza njano. Za mihula iliyopita zisikutie simanzi. Waulize wanafunzi wako wa zamani. Nawajua wanafunzi: karatasi ya mwalimu haifiki jalalani, kuna mtu huiokota akaibandika ukutani kwake hosteli. Ukizipata hata tatu, zitundike pamoja na zile 16, bila fremu, kwa kamba na vibanio vya nguo. Hiyo ni kazi moja. Kazi ya pili ni ule mchoro wako wa 2016, ukiwa na tarehe yake. Mtu atakayesimama katikati ya hizo mbili ataona miaka yako yote bila kuelezwa.

Tahadhari moja tu. Zipo karatasi za wanafunzi ambazo wewe umechora pembeni ukiwasahihisha. Hizo si zako. Ukitaka kuitundika mojawapo, mwombe mwenyewe ruhusa na jina lake liandikwe juu ya lako.

Sasa nenda kwa Mkuu wa Idara wiki hii, usingoje wiki ya saba. Mwambie utakacholeta na kwa nini. Anaweza kukunja uso, akasema karatasi za darasani si kazi ya maonesho. Usibishane naye, mpelekee nne umwekee mezani. Nadhani atanyamaza azitazame. Na ukiwa mbele yake, omba jambo ambalo ungekuwa umeliomba siku nyingi: nusu siku moja kwa wiki, iandikwe kwenye ratiba kama vipindi vingine vinavyoandikwa, ambayo ni ya kazi yako ya kuchora. Kozi nne na darasa la watu 140 ni mzigo wa kweli, na mtu asikuambie kwamba ni uvivu. Lakini Mkuu wa Idara hawezi kuusawazisha mzigo ambao hujamwonyesha. Pia soma kanuni za upandishaji vyeo za chuo chako kwa macho yako mwenyewe, uone zinasemaje juu ya kazi za sanaa, badala ya kutegemea mazungumzo ya kwenye korido.

Studio huna, ni kweli, na sitaki kulifanya jambo dogo. Hata hivyo kumbuka kwamba masomo ya sanaa ya Makerere, yaliyowatoa Ntiro na Maloba, Margaret Trowell aliyaanzisha mwaka 1937 kwenye baraza ya nyumba yake Kampala. Shule nzima ya sanaa leo inaitwa kwa jina lake. Wewe unalo darasa tupu saa kumi na moja jioni. Ukiipata hiyo nusu siku, funga mlango wa darasa ubaki humo, kabla hujakanyaga nyumbani kwenye watoto na sufuria.

Mwenzio wa ofisi ya pili usimchukie. Habari zake kwenye ubao hazikukupunguzia kitu. Mwendee umwulize maombi ya kualikwa nje huandikwaje. Wengi wa namna yake hupenda kuulizwa, ila hakuna anayewauliza, kila mtu huwatazama kwa jicho la pembeni.

Amebaki yule kijana wa mwaka wa tatu. Huyo ndiye ninayemjali kuliko wote kwenye barua yako, kwa sababu swali lake halikuwa la kukuaibisha. Alitaka kujua kama haya unayomfundisha yana mtu anayeyaishi. Wewe ulicheka, na yeye huenda akaondoka na jibu ambalo hukulikusudia. Mtafute kabla ya maonesho. Mwambie ukweli kwamba kwa miaka kadhaa hukuonesha kazi popote, kisha mwombe akusaidie kupanga zile manila kwa mfuatano wa tarehe. Mpe kamba na vibanio. Akimaliza kuzitundika atakuwa amepata jibu lake.

Usiku wa leo watoto wakilala, utoe ule mchoro stoo. Andika 2016, uache rangi ikauke. Na tangazo la maonesho likitoka, niandikie ukumbi na saa ya kufungua mlango. Nitakuja, na machungwa nitakuletea.